Mtoto Mdogo Katika Gari la Wazi

Siku ya gulio au ya kliniki wengi wetu hupanda Landrova iliyo wazi nyuma. Mama hukaa ukingoni, mtoto amempakata. Tukimwonya hujibu, "Si nimemshika!" Je, mikono yatosha?

Haitoshi. Dereva akifunga breki ghafla, gari husimama, lakini miili yetu huendelea mbele. Gari likigonga kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wa meta 10. Hapo mtoto hutuponyoka. Tena kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili, ndicho hutangulia chini.

Basi tufanye hivi:
1. Tumwombe dereva nafasi ya ndani. Mkanda mmoja usifungwe mama na mtoto pamoja.
2. Nafasi ikikosekana, tungoje gari jingine.
3. Ikiwa ni mgonjwa na hakuna njia nyingine, tukae chini sakafuni, tuegemee chumba cha dereva. Mizigo ifungwe.
4. Dereva akikimbiza gari, tumwambie apunguze mwendo. Tusione haya.

Maswali
1. Kwa nini mikono haitoshi?
2. Kijijini kwetu, nani humwonya dereva?