'Absent' na 'missing': hayupo, au amepotea?



Tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama hapa Makadara, kisiwani Mombasa, tukipitia daftari lao. Katibu alikuwa amewaandikia wafadhili kwa Kiingereza kwamba shilingi 2,000 ziko 'missing'. Wafadhili wakashtuka, wakataka kujua nani amezila. Kumbe hakuna aliyekula kitu! Wanachama wanne walikuwa hawajaleta michango yao, basi. Mweka hazina wa watu akanuniwa wiki nzima bure.

Hebu tuyaangalie maneno haya.

'Absent' ni mtu asiyekuwapo mahali alipotarajiwa. Jina limeitwa mkutanoni nawe hupo: wewe ni 'absent', hata kama sote twajua uko Kongowea sokoni. Hujapotea. Pesa hatuziiti 'absent'.

'Missing' ni mtu au kitu kilichostahili kuwapo, kikitazamwa hakionekani. Fomu haina sahihi ya mwenyekiti, sahihi hiyo ni 'missing'. Sanduku lilikuwa na 5,000, likafunguliwa mkakuta 3,000, hapo kweli 2,000 ni 'missing', na maswali yaanze. Lakini mchango ambao haujaletwa haujawahi kuingia sandukuni! Huo uandikwe 'not yet paid'.

Kwa watu neno hili ni zito zaidi. Mvuvi ametoka na mashua, hakurudi, hakuna habari: huyo ni 'missing', na sisi watu wa pwani twajua uchungu wake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu 118A, yasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepata habari zake kama angekuwa hai, huchukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vingine. Sasa wewe wamwandika hivyo mama aliyekwenda kliniki na mtoto?

Kiswahili nacho kina mitego yake. 'Hayupo' ni hayupo hapa. 'Hayumo' ni hayumo ndani. Katibu akiandika 'Mama fulani hayumo', msomaji ataelewa jina lake limetoka kwenye orodha ya wanachama, na siku ya kugawana faida patakuwa na kesi.

Zoezi: Fungueni kumbukumbu za mkutano uliopita. Kila palipoandikwa 'missing' au 'hayumo', ulizaneni kilichotokea hasa. Mkikuta kosa, msifute kwa wino mweupe. Pigeni mstari mmoja, andikeni neno sahihi juu yake, mwenyekiti na katibu watie sahihi pembeni.