Somo: Dawa Inayotiwa Ndani ya Betri ya Zinki



Mama mmoja wa kikundi cha Deep Sea, hapa Parklands, aliniuliza: "Mwalimu, betri za tochi tukiziweka juani zinapata nguvu kidogo. Mbona kijana wangu alipoichaji moja ikapasuka?" Ile maji ilimrukia kijana karibu na jicho. Kwa hivyo tulisome jambo hili vizuri.

Bati la nyumba limepakwa zinki. Mkebe wa betri ya tochi ya kawaida pia ni zinki, kama zile zilizotengenezwa na kiwanda cha Eveready kule Nakuru mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Ndani kuna uji wa chumvichumvi, unaoitwa elektrolaiti. Tochi ikiwaka zinki inaliwa pole pole, ndiyo maana betri kuukuu hutoboka na kuvuja. Jua linachangamsha kilichobaki tu, halirudishi zinki iliyokwisha kuliwa.

Zamani viwanda vilitia zebaki kidogo ili zinki isiliwe bure betri ikikaa dukani. Lakini zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa 2013 ulipanga betri zenye zebaki zikomeshwe kufikia 2020, isipokuwa aina chache za zile ndogo kama vifungo.

Siku hizi wataalamu wanahangaikia betri za zinki za kuchajiwa. Zinki ni bei rahisi, na uji wake ukiwa wa maji haushiki moto kama wa betri za lithiamu. Watu wa nyumba zilizobanana wanajua kwa nini hilo ni jambo kubwa. Shida ni kwamba ukichaji, zinki hairudi ikalala sawasawa kama rangi ukutani. Inaota miiba! Mwiba ukitoboa kile kitambaa kinachotenganisha pande mbili, ni shoti, na betri imekufa. Tena maji mengine yanageuka gesi, betri inavimba.

Hapo ndipo dawa inaingia, kidogo sana. Nyingine hushika ncha za miiba, zinki inayokuja ikalazimika kujaza mabonde. Nyingine hupunguza maji yanayoizunguka zinki, gesi ikapungua. Katika betri za zinki na manganizi hutiwa chumvi ya manganizi, ili upande wa pili usiyeyuke ovyo. Hata glukosi imejaribiwa.

Tafadhali, hii sio ruhusa ya kutia sukari au ndimu kwenye betri! Kila dawa imepimwa kwa aina yake ya betri. Nayo ile ya tochi haikutengenezwa kupokea chaji. Gesi ikijaa haina pa kutokea.

Kikundi kikinunua betri za kuchaji, mtafute neno "rechargeable" ubavuni, na muulizie chaja ya aina hiyo hiyo. Mkutano ujao kila mmoja alete betri moja ya nyumbani, isiyovuja, tusome maandishi yake pamoja. Katibu aandike ni ngapi tulikuwa tunazichaji kimakosa.