Okidi ya Kitaluni na Okidi ya Porini

Mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari mkoani Singida, anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake mmea uishio juu ya mti bila ya kuunyonya mti huo, anaweza kuipata okidi kwa njia mbili. Anaweza kuinunua kwa mtu aliyeibandua porini, na hapo bei huwa ndogo. Au anaweza kuiagiza kutoka katika kitalu cha wakuzaji wa okidi, ambako mche wenye majani matatu tu huweza kumgharimu mara nyingi zaidi. Mnunuzi asiyefahamu atadhani kwamba mwenye kitalu anamlangua. Makala haya yanaeleza asili ya tofauti hiyo ya bei na namna ya kuutambua mmea unaouzwa, kwani jawabu la yote mawili limo katika mbegu ya okidi yenyewe.

Familia ya okidi, ambayo wataalamu huiita Orchidaceae, ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za mimea itoayo maua. Ina spishi zaidi ya 25,000 duniani, na zaidi ya 300 kati ya hizo huota Tanzania. Hata mtu ambaye hajapata kuliona ua la okidi yumkini anaifahamu harufu ya tunda la mojawapo, yaani vanila, inayolimwa Kagera na Zanzibar (ingawa vanila iliyomo katika biskuti za madukani aghalabu hutengenezwa viwandani na haikutoka katika mmea wowote wa okidi). Ziko okidi zinazoota ardhini, na ziko zinazoota juu ya matawi na magome ya miti. Hizi za pili si vimelea. Hujishikiza tu kwenye mti, nazo hupata maji kutokana na mvua na umande, na madini kutokana na vumbi na majani yaliyooza.

Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amepata kudondosha iodini juu ya punje ya hindi iliyokatwa, akaona rangi ikigeuka kuwa ya buluu iliyokaribia weusi. Hiyo ni dalili ya wanga, akiba ya chakula ambayo mmea mzazi umemwekea mtoto wake mpaka atoe majani na kujitegemea. Mbegu ya okidi haina akiba ya namna hiyo. Ni ndogo kama vumbi. Ndani yake mna kiini-tete cha seli chache tu, kilichofunikwa na ganda jembamba lenye nafasi ya hewa. Tunda moja huweza kuwa na mbegu laki kadhaa, na katika baadhi ya spishi zaidi ya milioni moja. Upepo huzichukua mbali sana, lakini zinasafiri bila masurufu.

Ikiwa mbegu haina chakula, huotaje? Swali hilo liliwasumbua wakulima wa bustani wa Ulaya kwa miaka mingi. Walizipanda mbegu kwa maelfu, zikafa karibu zote. Mwaka 1899 mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Noël Bernard aligundua kwamba mbegu za okidi zilizokuwa zikiota zilikuwa zimeingiwa na nyuzi za kuvu. Hapo ilidhihirika kwamba kuvu hiyo haikuwa ugonjwa bali mlezi: hukipatia kiini-tete sukari na virutubisho mpaka kitoe jani la kwanza. Porini, basi, kati ya mbegu laki moja huota zile chache tu zilizobahatika kuangukia mahali penye kuvu ifaayo, unyevu ufaao na kivuli kifaacho. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kuwa kazi ya kuvu inaweza kufanywa na chupa. Alichanganya sukari, madini na agari, ile rojo itokanayo na mwani, akaua vijidudu vyote kwa joto, kisha akapanda mbegu humo. Zikaota bila ya kuvu.

Vitalu vyote vya okidi duniani, kuanzia Thailand na Taiwan hadi Uholanzi, vimejengwa juu ya ugunduzi huo. Mche hukaa katika chupa iliyofungwa kwa muda wa miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka mzima. Ukitolewa huhitaji kuzoezwa hewa ya nje polepole. Na kutoka mbegu hadi ua la kwanza aghalabu hupita miaka mitatu hadi saba. Mwenye kitalu hulipia maabara, chupa, kivuli, maji na mishahara kwa muda wote huo. Mtu aliyepanda mtini na panga hakulipia chochote, lakini mmea alioubandua huenda ulikuwa na umri wa miaka kumi au zaidi, na hakuna ajuaye kama mwingine utaota mahali pake.

Mfano wa hasara hiyo haupo mbali. Katika Nyanda za Juu za Kusini, hasa pande za Kitulo, kwa miaka mingi watu wamechimba viazi vya okidi za ardhini za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria na kuviuza Zambia. Huko husagwa, vikachanganywa na karanga na kupikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vilivyovuka mpaka vilifikia hata milioni nne kwa mwaka mmoja. Achimbaye kiazi hauachi mmea, na soko hilo limekuwa likitegemea porini. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inajulikana sana kwa maua yake, na okidi hizo ni sehemu kubwa ya sifa hiyo.

Singida haina uwanda wenye baridi na ukungu kama Kitulo. Mji wake uko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya ukame na upepo mkavu. Swali la kwanza la mnunuzi, kwa hiyo, lisiwe ni ua lipi linalopendeza zaidi. Na aulize: mmea huu asili yake ni wapi, nao hustahimilije kiangazi?

Hapa umbo la mmea hutoa jibu. Okidi nyingi za nchi zenye msimu wa ukame zina mashina yaliyovimba, ambayo ni maghala ya maji na chakula. Mfano mzuri ni Ansellia africana, okidi yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui. Ilipewa jina hilo na John Lindley mwaka 1844, kwa heshima ya John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta katika kisiwa cha Fernando Po. Huota katika misitu mikavu na yenye joto ya sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwamo. Mashina yake marefu huweka maji. Na zaidi ya mizizi inayoshika gome, hutoa mizizi mingine myembamba iliyoelekea juu kama miiba ya nungunungu, ambayo hunasa majani yaangukayo na kuyafanya mboji. Mmea wa namna hii unafaa Singida. Lakini ndio huohuo unaobanduliwa sana: Afrika Kusini huuzwa katika masoko ya dawa za kienyeji, na popote miti inapokatwa kwa ajili ya mkaa huanguka pamoja na tawi lake. Umekwisha kuorodheshwa kimataifa miongoni mwa spishi zilizo katika hatari ya kutoweka.

Kinyume chake ni Phalaenopsis, okidi inayouzwa kwa wingi kuliko nyingine zote duniani, yenye maua mapana kama nondo. Asili yake ni misitu yenye unyevu ya Asia ya kusini-mashariki. Haina mashina ya akiba; hutegemea majani manene na mizizi tu. Kama mkonge na mnanasi, hufungua vitundu vya majani yake usiku ili kuingiza hewa ya ukaa bila kupoteza maji mengi, lakini hata hivyo upepo wa Agosti wa Singida utaikausha ikiachwa barazani. Anayeinunua anunue pamoja na wajibu wa kuitunza ndani ya chumba, penye mwanga usio wa jua kali.

Sasa kuhusu majina. Kitalu chema hakiuzi mmea bila lebo, na lebo ni somo kamili la uainishaji. Jina la spishi ya asili huwa na maneno mawili ya Kilatini, la kwanza likianza kwa herufi kubwa na la pili kwa herufi ndogo: Ansellia africana, Phalaenopsis amabilis. Jina la chotara huwa tofauti. Baada ya jenasi hufuata jina la kawaida lenye herufi kubwa, kama Vanda Miss Joaquim, chotara aliyejulikana Singapore mwaka 1893 na ambaye mwaka 1981 alifanywa ua la taifa hilo. (Siku hizi wataalamu humweka katika jenasi Papilionanthe, majina ya okidi hubadilika kuliko wanafunzi wapendavyo.) Jina la tatu likiwa ndani ya alama za mtajo huonyesha mmea mmoja uliochaguliwa miongoni mwa ndugu zake na kuzidishwa.

Chotara wa kwanza wa okidi aliyefanywa na binadamu, Calanthe Dominyi, alitoa maua Uingereza mwaka 1856, akiwa kazi ya John Dominy. Okidi huzaliana kwa urahisi hata baina ya jenasi mbalimbali, jambo lisilo la kawaida kwa mimea mingi; ndiyo sababu baadhi ya machotara wana damu ya jenasi tatu au nne. Aghalabu machotara ni wavumilivu na huchanua upesi kuliko wazazi wao, kwa hiyo humfaa mtu anayeanza.

Mkulima wa Singida anaifahamu kanuni ya chotara kutokana na alizeti. Amekwisha kuambiwa asipande tena mbegu alizovuna kutoka katika alizeti chotara, maana kizazi cha pili hutawanyika, kila mmea na sifa zake. Okidi chotara nayo iko hivyo hivyo kwa upande wa mbegu. Lakini okidi huweza pia kugawanywa, kama mgomba unavyotolewa machipukizi, na kila kipande hubaki na urithi uleule wa mmea mama. Tangu mwaka 1960, Mfaransa Georges Morel alipoonyesha njia ya kukuza okidi kutokana na ncha ndogo ya chipukizi ndani ya chupa, mmea mmoja umeweza kuzaa maelfu yanayolingana. Basi mnunuzi aulize kama anauziwa mche wa mbegu, ambao ua lake halijulikani bado, au mmea uliozidishwa, ambao ua lake ni lilelile la kwenye picha. Bei za viwili hivyo hazipaswi kulingana.

Mmea wa porini hujulikana kwa macho. Mizizi yake imekatika, na vipande vya gome vingali vimeishika. Majani yana makovu ya wadudu na ya jua, na pengine kuvumwani. Na mimea iliyopangwa pamoja hailingani kwa ukubwa. Mmea wa kitaluni una mizizi mizima iliyozunguka ndani ya chungu, majani safi, na wenzake ni wa kimo kimoja. Muuzaji akisema ni wa kitalu lakini hana chungu wala lebo, mnunuzi na arudishe fedha mfukoni.

Liko pia suala la sheria. Okidi zote zimo katika orodha za Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Spishi za Wanyama na Mimea zilizo Hatarini Kutoweka, uitwao CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Kuvusha mpaka okidi hai kwahitaji kibali, hata ikiwa zawadi. Miche iliyomo ndani ya chupa zisizo na vijidudu kwa kawaida haihitaji kibali cha CITES, na machotara wa jenasi chache wamesamehewa kwa masharti. Cheti cha afya ya mimea ni jambo la pekee, nacho hakiondolewi na msamaha huo, kwa sababu virusi na wadudu hawatambui tofauti ya spishi na chotara.

Wakati mzuri wa kununua ni mwanzo wa mvua, mizizi mipya inapoanza kutoka. Mmea upandwe katika vipande vya mkaa na vigae, si katika udongo, maana mizizi ya okidi za mtini huoza isipopata hewa. Katika sehemu nyingi za Singida maji ya visima yana chumvi, nayo huunguza ncha za mizizi; yafaa yatumike maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati. Mwanafunzi anaweza kuamua mwenyewe siku ya kumwagilia kwa kuutazama mzizi. Umefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, liitwalo velameni, linalofyonza maji kama sifongo: likiwa kavu ni jeupe, na likilowa hudhihirisha rangi ya kijani iliyo chini yake. Mmea mpya utengwe na mingine kwa mwezi mmoja hivi. Baada ya miaka kadhaa, ukiwa na mashina sita au zaidi, waweza kugawanywa mara mbili, mashina matatu kila upande, na lebo iandikwe upya kwa kila kipande kabla ya kisu kuwekwa chini.