SOMO: Mhudumu wa Wagonjwa Nyumbani na Haki Zake

Alfajiri, katika mji wa Los Angeles nchini Marekani, mwanamke hufunga mlango wa nyumba yake na kupanda basi. Anakwenda kwa mzee aliyepooza. Humwamsha, humwosha, humvika nguo, humlisha, humkumbusha dawa zake, na kumgeuza kitandani ili ngozi yake isipate vidonda. Halafu hufua mashuka, hupika na kufagia. Adhuhuri hupanda basi jingine kwenda kwa bibi kipofu. Jioni hurudi kwake amechoka, mgongo ukimwuma. Watu wa namna hiyo ni wengi sana katika nchi ile, na kazi yao huitwa uhudumu wa wagonjwa nyumbani.

Mtu wa kijijini aweza kustaajabu na kuuliza: Je, mzee huyo hana watoto? Hana wakwe? Pengine anao, lakini wako mbali, au wako kazini tangu asubuhi hata usiku. Pengine mhudumu mwenyewe ni binti yake, aliyeacha kazi nyingine ili amtunze. Pasipo mhudumu, mgonjwa angepelekwa katika nyumba ya wazee, mbali na kitanda chake na jirani zake. Basi, kazi hiyo ni kazi kweli, wala si fadhili tu.

Somo hili laeleza mambo matatu: jinsi sheria ilivyowasahau wahudumu hao, jinsi walivyoungana, na haki walizozipata.

1. Sheria iliwasahau

Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kulinda wafanyakazi wanaotaka kuunda chama. Mwaka 1938 likatunga sheria nyingine juu ya ujira. Tangu hapo palikuwa na kiwango cha chini cha mshahara, yaani senti 25 kwa saa, na mtu aliyefanya kazi kupita saa zilizowekwa alistahili malipo ya ziada. Wafanyakazi wa viwandani walifurahi sana.

Lakini watumishi wa nyumbani hawakuhesabiwa katika sheria hizo. Wengi wao, hasa katika majimbo ya kusini, walikuwa wanawake weusi, wala hawakuwa na mtu wa kuwasemea bungeni. Tena watu wengi walidhani kwamba kazi ya ndani ya nyumba si kazi hasa, kwa kuwa kila mama huifanya bila kulipwa.

Mwaka 1974 sheria ya ujira ilirekebishwa, na watumishi wengi wa nyumbani wakaingizwa. Hata hivyo waliachwa nje wale walioitwa wenzi wa wazee na wa wagonjwa. Neno hilo lilimfikirisha mtu jirani mwema anayekaa na bibi na kuzungumza naye mchana. Kumbe kanuni ya serikali ya mwaka 1975 ilililipanua, hata likawafunika wahudumu walioajiriwa na makampuni, wanaobeba wagonjwa na kuwaosha siku zote kwa ajili ya kujipatia riziki. Neno moja lilitosha kuwanyima ujira watu wengi.

2. Mama Evelyn Coke

Mama Evelyn Coke alitoka Jamaika, akakaa New York. Miaka mingi alihudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao, mara nyingine mchana na usiku mfululizo. Alipoona kwamba saa zake za ziada hazikulipwa kama za wafanyakazi wengine, alimshtaki mwajiri wake. Kesi hiyo ilipanda hata ikafika katika mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Mwaka 2007 waamuzi wote tisa walikata shauri dhidi yake. Hawakusema kwamba kazi yake haina thamani. Walisema kwamba Wizara ya Kazi ilikuwa na mamlaka ya kuweka kanuni ile. Mama Coke akafa mwaka 2009, asilipwe zile saa.

Je, alijisumbua bure? Hapana. Hukumu ile ilionyesha wazi mahali penye kasoro: ikiwa Wizara ndiyo iliyoweka kanuni, basi Wizara ndiyo iwezayo kuibadili. Mwaka 2013 ikaibadili. Makampuni yalipinga, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufani iliikubali kanuni mpya. Kwayo wahudumu wapatao milioni 2 walistahili kiwango cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada.

3. Bwana wa kazi ni nani?

Huko California palikuwa na shida nyingine. Serikali ndiyo iliyolipa mishahara ya wahudumu wa maskini wasiojiweza. Lakini mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemchagua mhudumu, akamwonyesha kazi, akamwachisha akitaka. Wahudumu walipotaka kuzungumza habari ya mshahara, wilaya ilijibu: «Sisi si waajiri wenu.» Mgonjwa naye hakuwa na fedha. Walikuwa kama mtu apigaye hodi katika nyumba yenye milango miwili, na kila mlango wamwambia aende kwenye mwingine.

Tena hawakuwa na kiwanda wala lango la kukutania. Kila mmoja alifanya kazi peke yake katika nyumba ya mtu. Wengine walisema Kiingereza, wengine Kihispania, wengine Kiarmenia au Kikorea. Tangu mwaka 1987 watu wa chama cha wafanyakazi wa huduma walianza kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Walikwenda mahakamani ili wilaya itambuliwe kuwa mwajiri, wakashindwa.

Hapo walifanya jambo la hekima. Waliwaendea wazee na vilema wenyewe, wakashauriana nao. Hao walikuwa na hofu: je, chama kitawanyang'anya uhuru wa kumchagua mtu wa kuingia nyumbani mwao? Wakapatana hivi: haki ya kumchagua mhudumu na kumwachisha ibaki kwa mgonjwa, lakini pawe na shirika la umma litakalokuwa mwajiri kwa mambo ya mshahara. Sheria ya jimbo iliruhusu mashirika hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wilaya ya Los Angeles ikaunda la kwake mwaka 1997.

Mwezi wa Februari 1999 kura zilihesabiwa. Wahudumu wapatao 74,000 walihusika. Zaidi ya 16,000 walikubali chama, na chini ya 2,000 walikataa. Wakati ule mshahara wao ulikuwa dola 5 na senti 75 kwa saa, yaani kiwango cha chini kabisa cha jimbo, wala hawakulipwa siku za ugonjwa. Kazi ya kuwaunganisha ilikuwa imechukua miaka 12. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Chama na haki

Chama ni sauti ya wengi katika kinywa kimoja. Mhudumu mmoja akidai nyongeza, ataambiwa aende zake, maana wengine wapo. Lakini wote wakimtuma mjumbe wao, yule mjumbe huketi na mwajiri, husema naye, na maneno yao huandikwa katika mapatano. Tena mhudumu akionewa, mjumbe husimama pamoja naye, asijibu mashtaka peke yake. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba wao wanayo haki ya kuungana.

Haki zilizopatikana ni za kuhesabika. Mfano: mhudumu alipwaye dola 16 kwa saa amefanya kazi saa 50 katika juma moja. Saa 40 za kwanza zampa dola 640. Zile 10 za ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani dola 24 kila saa, nazo ni dola 240. Jumla ni dola 880. Pasipo haki hiyo angepata 800. Dola 80 si kitu kidogo kwa mwenye watoto.

Tena, chini ya kanuni ya mwaka 2013, mwajiri mmoja akimtuma mhudumu kwa wagonjwa wawili siku moja, mwendo wa kutoka kwa huyu hata kwa yule ni saa ya kazi. Huko California wahudumu wa mpango wa serikali walianza kupata malipo ya saa za ziada mwaka 2016, na siku za ugonjwa zenye malipo mwaka 2018. Kwa hiyo mhudumu mwenye busara huandika katika daftari saa ya kuingia na saa ya kutoka, maana haki isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha.

5. Chama chataka uangalifu

Kwanza, chama ni cha wanachama, si cha wakubwa wake. Kiongozi mmoja wa chama cha wahudumu huko Los Angeles alihukumiwa mwaka 2013 kwa kuiba fedha zilizotoka katika michango ya watu wale maskini. Kwa hiyo wanachama sharti waulize hesabu bila haya.

Pili, mtu hawezi kuburutwa. Mwaka 2014, katika kesi iliyotoka jimbo la Illinois, waamuzi watano kati ya tisa walisema kwamba mhudumu wa namna hii asiyetaka chama asilazimishwe kukilipa. Tangu hapo chama hakina budi kuwavuta watu kwa kazi njema.

Tatu, mgonjwa asisahauliwe. Mhudumu akigoma, kipofu atalala na njaa. Ndiyo sababu njia kubwa ya wahudumu imekuwa mazungumzo, kura na sheria.

Nne, haki iliyopatikana yaweza kupotea. Mwaka 2025 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa pendekezo la kuifuta ile kanuni ya mwaka 2013. Shamba lililolimwa mwaka jana huota magugu lisipopaliliwa.

6. Maswali na majibu

Swali: Kwa nini kazi ya mhudumu ni kazi kweli?
Jibu: Kwa sababu yachukua nguvu na wakati wake, na pasipo hiyo mgonjwa hawezi kuishi vema nyumbani mwake.

Swali: Kwa nini wahudumu walikosa haki kwa muda mrefu?
Jibu: Kwa sababu sheria za mwaka 1935 na 1938 hazikuwahesabu, na kanuni ya mwaka 1975 iliwaita wenzi tu.

Swali: Mama Coke alishindwa, alifaa nini?
Jibu: Alionyesha kasoro ya kanuni, ikabadilishwa baada ya kufa kwake.

Swali: Wahudumu wa Los Angeles walifanyaje wagonjwa wasiwaogope?
Jibu: Walishauriana nao kwanza, wakawaachia haki ya kuchagua na kuachisha.

Swali: Mwanachama ana wajibu gani?
Jibu: Kuandika saa zake, kupiga kura, kuuliza hesabu, na kutomsahau mgonjwa.

Yule mwanamke wa Los Angeles atapanda basi lake kesho alfajiri. Mzee anamngoja. Yafaa ajue, anapokwenda, kwamba saa zake za kazi zinahesabiwa, na kwamba hasemi peke yake.