Bukari, Misuli na Sukari: Kijitabu cha Nyumba za Kambove

Zamani za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, mfanyakazi wa migodi ya Katanga alipewa unga wa mahindi kwa mizani. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo, nayo iliendelea kuwagawia watu wake unga. Kilikuwa chakula cha mtu anayechimba, anayebeba, anayesimama zamu nzima katikati ya mawe na vumbi. Kisha kampuni ikadhoofika, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao leo ni akina babu. Bukari umebaki mezani, mkubwa vilevile, lakini mwili unaoula hauchimbi tena.

Kijitabu hiki kinaanzia hapo. Tukisikia ugonjwa wa sukari, wengi wetu tunafikiria sukari ya chai peke yake. Tunasema: "Mimi sinywi chai tamu, sukari itanipata wapi?" Lakini bukari nao hugeuka sukari mwilini, na mahali pa kwenda sukari hiyo ni misuli. Nyumba inayotaka kujikinga, au inayomtunza mgonjwa, ianze kuangalia misuli ya watu wake.

Bukari unakwenda wapi

Chukua unga mkavu wa gramu 200, kiasi cha sahani ya mtu mzima mwenye njaa. Ndani yake mna karibu gramu 150 za wanga, na karibu wanga wote huo huvunjwa tumboni ukawa glukosi, yaani sukari ya damu. Sasa angalia upande wa pili: damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina glukosi ya karibu gramu 5 tu, kijiko kimoja cha chai. Sahani moja inaleta mara 30 ya hapo. Kwa hiyo glukosi inapoingia kwenye damu, lazima iwe inatoka papo hapo kwenda kwingine.

Ini huchukua fungu lake na kuweka akiba ya karibu gramu 100. Ubongo hula mchana na usiku. Lakini ghala kubwa kupita yote ni misuli: ya mapaja, ya matako, ya mgongo, ya mikono. Ikijumlishwa, huweka akiba ya gramu 400 hivi, na zaidi kwa mtu aliyezoea kazi nzito.

Ndani ya kila seli ya msuli mna viungo vidogo sana, visivyoonekana kwa jicho, vinavyoitwa mitokondria. Humo ndimo glukosi na mafuta huunguzwa kwa hewa tunayovuta, ikapatikana nguvu ya kuinua ndoo, kupanda mlima, hata kufumba jicho. Ni kama makala na mbabula. Gunia la makala likijaa mlangoni haliivishi chakula. Makala huivisha yakiwa ndani ya mbabula. Mgonjwa wa sukari ana gunia limejaa na mbabula inazimika: damu yake imejaa sukari, naye anasema, "Sina nguvu." Tumwamini. Si uvivu.

Glukosi huingia kwenye misuli kwa amri ya insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho. Kwa watu wengine, mara nyingi watoto na vijana, kongosho huacha kuitengeneza: hiyo ni aina ya kwanza. Kabla ya insulini kupatikana, watoto hao walikufa. Wa kwanza kudungwa dawa hiyo alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, mjini Toronto, Januari 1922. Kwa wagonjwa walio wengi zaidi, hasa watu wazima, insulini ipo lakini misuli haiitikii vizuri: mafuta yamejikusanya ndani ya seli, mitokondria zimepungua nguvu, kongosho linajikaza kutoa insulini zaidi mpaka linachoka. Hiyo ni aina ya pili, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye sukari, jihesabu kuwa karibu nayo.

Msuli unaofanya kazi hujichukulia wenyewe

Hili ndilo jambo tunalotamani kila nyumba ya Kambove ilijue. Msuli unapofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu kwa njia yake wenyewe, hata pale insulini isipoitikiwa vizuri. Kazi ikiisha, kwa siku moja hadi mbili msuli huo hubaki ukiiitikia insulini kuliko kawaida. Basi mazoezi ya Jumamosi peke yake hayatoshi. Usiache siku mbili zifuatane umekaa tu.

Na mitokondria huongezeka. Mwaka 1967 mtafiti John Holloszy wa Marekani aliwazoeza panya kukimbia kwa wiki kadhaa, akakuta uwezo wa misuli yao kuunguza chakula umekaribia kuongezeka mara mbili. Kwa binadamu imeonekana hivyo pia, hata kwa wazee. Baba wa miaka 65 asiambiwe kwamba wakati wake umepita.

Ukimaliza kula, kabla ya kukaa au kulala, tembea dakika 10 au 15, hata kuzunguka mtaa tu. Sukari inayopanda baada ya mlo haitafika juu kama ulivyozoea kuiona. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima watembee kwa haraka au wafanye kazi ya kiasi hicho angalau dakika 150 kwa wiki, na siku mbili wafanye kazi ya kukaza misuli. Kulima kunahesabiwa, kuchota maji kunahesabiwa. Mama anayetembea na beseni kichwani kila asubuhi tayari ameshafanya sehemu kubwa; anayehitaji kuhimizwa ni yule anayeshinda kitini.

Kuna kipimo cha nyumbani kisicho na gharama. Mketishe mzee kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, akunje mikono kifuani. Asimame wima na kukaa mara tano mfululizo bila kujishika, wewe ukiangalia saa. Akipitisha sekunde 15, misuli ya miguu imepungua. Basi kusimama huko huko ndiko kuwe dawa yake: mara nane au kumi asubuhi, tena jioni, mtu akiwa karibu asianguke. Akisikia maumivu ya kifua, aache na apelekwe kituo cha afya.

Sahani

Hatumwambii mtu aache bukari. Ushauri wa namna hiyo haudumu hata wiki, na unamfanya mgonjwa ajione ametengwa na sahani ya familia. Punguza tu fungu lake liwe kama ngumi yake mwenyewe, na nafasi iliyobaki ijazwe lenga-lenga, matembele au sombe. Aanze na mboga na maharagwe, bukari ufuate. Unga usiokobolewa ni bora kuliko ule mweupe sana.

Msuli haujengwi na wanga. Unajengwa na protini: maharagwe, karanga, kapenta, mayai, viwavi vya msimu, samaki. Katika nyumba nyingi kapenta hupewa watoto na baba, bibi akabaki na mchuzi. Bibi naye apewe, maana misuli ya mzee hupungua upesi na huhitaji protini zaidi. Aliyeambiwa kwamba figo zake zina shida amwulize muuguzi kwanza.

Sucré ni jambo jingine kabisa. Chupa ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, vijiko saba, na inafika kwenye damu ndani ya dakika chache. Kwa mgonjwa, maji.

Nenda ukapimwe

Kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara nyingi, vidonda visivyopona, macho kuona ukungu, kukonda huku mtu anakula. Kukonda huku kunatudanganya sana. Glukosi isipoingia kwenye seli, mwili huanza kula mafuta na misuli yake wenyewe, na jirani wakimwona wanasema ni kifua kikuu, au amelogwa. Tena yaweza kuwa sukari na kifua kikuu pamoja: mwenye sukari yuko hatarini kupata kifua kikuu karibu mara tatu kuliko mwingine. Anayekohoa apimwe glisemi pia, yaani sukari ya damu.

Kupima glisemi ni tone la damu kwenye kidole. Asubuhi kabla ya kula, 126 (mg/dL) kwenda juu, ikirudiwa siku nyingine na kuonekana tena, ni ugonjwa wa sukari. Kati ya 110 na 125 ni onyo, na hapo ndipo kutembea na kupunguza sahani kunaweza kumrudisha mtu.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi akitetemeka, akitokwa na jasho la baridi au akianza kusema ovyo, sukari imeshuka mno. Mpe upesi vijiko vitatu vya sukari kwenye maji kama anaweza kumeza, subiri dakika 15, pima tena. Asifanye kazi nzito akiwa na njaa. Umeme ukikatika, chupa ya insulini, ikiwa imefungwa isiingie maji, iwekwe ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini.

Sala iendelee na sindano iendelee. Anayechomwa insulini asiiache kwa sababu ya chupa ya mizizi wala kwa ahadi ya mtu yeyote. Akianza kutapika, akipumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva sana, msingoje kupambazuke: mpelekeni hospitali usiku huo huo, na njiani aendelee kunywa maji kidogo kidogo.