Goti Bandia na Ateri za Mguu: Ya Kuuliza Kabla ya Kutia Saini

Mtu ambaye gegedu la goti lake limelika hufika mahali ambapo dawa za maumivu, mazoezi na mkongojo havimfai tena. Hapo ndipo anaposhauriwa kubadilishiwa goti: daktari hukata ncha zilizoharibika za mfupa wa paja na wa muundi, akaziwekea vifuniko vya metali, na katikati yake kipande cha plastiki ngumu. Upasuaji huu umewaondolea wengi maumivu ya miaka mingi, wala hatukusudii kumtisha mtu. Tunataka tu kueleza jambo ambalo wagonjwa huliuliza kwa nadra, nalo ni hali ya ateri za mguu.

Ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini. Ateri kuu ya goti hupita katika uvungu wake, karibu mno na pale msumeno wa daktari unapofanya kazi. Tena, madaktari wengi hufunga mkanda wa kubana paja ili kuzuia damu wakati wa kazi. Mshipa laini kwa kawaida huvumilia kubanwa huko. Mshipa uliokakamaa kwa mafuta na chokaa waweza kupasuka ukuta wake wa ndani, damu ikaganda, njia ikaziba. Ajali hii haimpati hata mgonjwa 1 kati ya 100, lakini ikichelewa kutambuliwa mguu waweza kukatwa.

Walio katika hatari zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari au shinikizo la juu la damu, na yeyote aliyewahi kupasuliwa mishipa ya mguu. Huyo wa mwisho aseme hata asipoulizwa.

Yapasa pia kujua kwamba si kila maumivu ya mguu hutoka gotini. Goti lililolika huuma mtu anapoinuka kitini au kupanda ngazi. Ateri iliyoziba huuma hasa kwenye shavu la mguu, baada ya mwendo fulani, na maumivu hutulia dakika chache tu baada ya kusimama. Mwenye dalili hizi akibadilishiwa goti, atalipa gharama kubwa na bado hatatembea vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mwombe daktari apapase mapigo ya damu katika nyayo zote mbili. Yakiwa hafifu, omba shinikizo la damu la kifundo cha mguu lilinganishwe na la mkono. Uwiano ulio chini ya 0.9 huashiria ateri zilizopungua upana. Kipimo hiki hakiumizi. Uliza vilevile kama mkanda wa paja utatumika, na kama hospitali ina mtaalamu wa mishipa.

Baada ya upasuaji, unyayo ukiwa baridi, ukifa ganzi, au vidole vikikataa kusogea, mwite muuguzi papo hapo. Usikubali kuambiwa ungoje dawa ya ganzi iishe kabla mapigo hayajapimwa, kwani misuli iliyokosa damu huanza kufa kwa muda wa saa 6 hivi. Kwenye ngozi nyeusi, weupe huonekana vyema zaidi kwenye kucha na chini ya unyayo.

Soksi za kubana, ambazo wengi hupewa ili damu isigande katika vena, zaweza kumdhuru mwenye ateri zilizoziba. Uliza kwanza kabla ya kuzivaa.