Herufi za Kiolezo katika Zana za Kufundishia

Tunapokagua zana za walimu wanafunzi, mara nyingi tunakuta mabango yaliyoandikwa kwa herufi zilizokatwa katika kiolezo. Kazi hiyo huwa safi, nayo hufanyika upesi. Hata hivyo, kiolezo kisichofikiriwa vema chaweza kumpoteza mtoto.

Herufi hizi ndizo tunazoziona juu ya magunia na masanduku ya mizigo. Mwaka 1937, nchini Marekani, ziliingizwa katika herufi za kupigia chapa: Robert Hunter Middleton alichora aina moja kwa ajili ya Ludlow, na Gerry Powell nyingine kwa ajili ya American Type Founders. Zote mbili zilikuwa za herufi kubwa tu, zenye mistari minene na myembamba, pamoja na vijistari vinavyomalizia ncha, viitwavyo serifu. Zilikusudiwa vichwa na matangazo, si kurasa za kusoma.

Nguzo ya kiolezo ni daraja. Tukiikata O nzima, kipande cha ndani huanguka. Ndiyo maana twaacha ukanda mwembamba wa kukishika. Katika alfabeti ya Kiswahili, herufi kubwa zenye nafasi iliyofungwa ni sita: A, B, D, O, P na R. Daraja lifaalo huwekwa mahali mstari ulipo mwembamba. Kwa mfano, juu na chini ya O. Serifu nazo husaidia, kwani huonyesha mwisho halisi wa mstari, na msomaji halidhanii pengo kuwa ndio mwisho.

Hatua za kufuata ni hizi:

(a) Piga mistari miwili sambamba juu ya manila ngumu, ikiachana sm 5.
(b) Chora herufi nzima, kisha weka alama za madaraja, kila moja lenye upana wa mm 4 hivi.
(c) Kata kwa wembe, ukianzia nafasi za ndani.
(d) Gongagonga rangi kwa sifongo iliyokamuliwa. Rangi ikizidi hupenya chini ya manila.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwenzetu mmoja aliandika kadi za maneno za Darasa la Kwanza kwa kiolezo. Watoto walinakili walichokiona: O ikawa mabano mawili yanayotazamana. Walipewa alama ya kosa. Je, kosa lilikuwa la nani? Sisi twasema lilikuwa la kadi.

Kwa hiyo, anayejifunza kusoma apewe herufi kamili. Ikibidi kutumia kiolezo, mapengo yote yazibwe kwa brashi rangi ikishakauka. Herufi zenye mapengo zibaki kwa vichwa vya mabango na majina ya makabati, hasa katika madarasa ya juu.

Zoezi: Kata kiolezo cha neno DARASA. Ni herufi ipi isiyohitaji daraja? Bandika kazi yako ukutani, usimame nyuma ya darasa, kisha uisome kwa jicho la mtoto.